Mwalimu Leodgar na Mzani wa Kando

Mwalimu Leodgar wa Kasingirima hatoki nyumbani bila chaki mfukoni. Hata Jumapili, akiinuka kwenda kupokea komunyo, unaona kiganja cheupe kimejichora nyuma ya suruali yake nyeusi, kama vile malaika mpika maandazi alikuwa akimsukuma asogee mbele. Mkewe, Mama Melania, alimkung'uta miaka na miaka hadi akachoka.

"Baba Bariki," humwambia, "siku ukiitwa mbinguni, Petro hatakuuliza jina. Atasema tu, huyu mwalimu, mpitisheni mlango wa uani asituchafulie."

Mwalimu hucheka, kisha hupeleka mkono mfukoni kuhakikisha chaki ipo.

Alifundisha hesabu sekondari miaka thelathini na mitatu. Alipostaafu alisema sasa atapumzika, atalima mchicha na kusali rozari kwa wakati wake. Hazikupita wiki sita. Chuo kimoja kikuu kilikuwa kimefungua tawi Kigoma mjini, vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la mabati, na wakakosa mtu wa kufundisha takwimu. Hiyo ilikuwa miaka ile Warundi walipoanza kuvuka tena, wengine kwa maboti, wengine kwa miguu na magodoro kichwani, na kila ofisi mkoani ikawa inatafuta watu wa ustawi wa jamii wenye shahada. Basi watu wazima wakajiandikisha kwa wingi: maafisa maendeleo, wauguzi, walimu wa msingi, katekista mmoja. Wengi walichagua ustawi wa jamii kwa sababu tangu utoto walikuwa wakiikimbia hesabu na walidhani huko haitawafuata. Ikawafuata mpaka Kigoma, mwisho wa reli.

Siku ya kwanza Mwalimu aliandika ubaoni neno moja tu, WASTANI. Wanafunzi wawili wakatoka nje wameshika simu sikioni, na simu hazikuwa zimelia.

Kati ya waliobaki walikuwamo wawili ambao Mwalimu hatawasahau. Mmoja ni Veneranda, afisa maendeleo wa kata, mama wa watoto wanne, mwandishi asiyechoka. Aliandika kila kilichotoka kinywani mwa Mwalimu. Katika jaribio la kwanza aliulizwa sampuli nasibu ni nini, akajibu kwa mwandiko mzuri sana: "Ni kundi dogo linalochaguliwa kutoka kundi kubwa, fungeni hilo dirisha vumbi linaingia, kwa namna ambayo kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa." Mwingine ni Feliksi, kijana aliyekuwa karani wa zamu bandarini. Huyo alilala darasani akiwa amekaa wima, kalamu mkononi, macho nusu wazi, na kila baada ya muda alitikisa kichwa kukubali. Mwalimu alimwona miezi miwili akadhani huyu ndiye mwanafunzi wake bora.

Mwaka uliotangulia walifanya mtihani watu ishirini na saba, wakafaulu wanne. Ndipo ikaja barua kutoka makao makuu. Safari hii mtahini angekuja mwenyewe, na wasipofaulu angalau nusu, somo la takwimu lingehamishiwa Tabora. Anayelitaka apande treni alifuate.

Veneranda aliposikia alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mwalimu, mimi Tabora siendi. Watoto wangu nitamwachia nani? Shahada yangu itakuwa imeishia hapa, juu ya mabati."

Usiku huo Mwalimu hakula vizuri. Kazi yenyewe angeweza kuishi bila hiyo. Kilichomchoma ni jambo jingine, na alimwambia Mama Melania peke yake. "Miaka thelathini na mitatu na hii miwili, mama. Wameandika nilichosema. Sijui kama kuna hata mmoja aliyeelewa."

"Basi watoe humo chumbani," alisema Mama Melania. "Mimi kukaanga samaki sikufundishwa ubaoni."

Mwalimu akaona hilo ni neno la Mungu, maana mkewe mara nyingi huwa analipokea mapema kuliko yeye. Akapanga: wanafunzi wakahesabu watu wa kila kaya, yaani wale wanaokula chungu kimoja, katika kijiji kimoja na safu moja ya kambi ya wakimbizi, ili walinganishe wastani. Hawangeuliza nyumba zote. Wangechukua kila nyumba ya saba, bila kuangalia uso wa mtu, na hizo chache zingesema kwa niaba ya nyingi. Kibali cha kuingia kambini alikifuatilia wiki tatu, akapigiwa mihuri mpaka karatasi ikawa nzito.

Ijumaa alitangulia na Veneranda kuzipata nyumba zenyewe, ili Jumamosi darasa likifika lisipoteze muda. Na hapa ndipo Mwalimu alipokosea, Mungu amsamehe, maana alikosea kwa nia njema. Aliona kuandika orodha ni kujisumbua. Ana chaki. Kila nyumba ya saba ataitia alama mlangoni, na kesho mwanafunzi atafuata alama.

"Alama gani, Mwalimu?" Veneranda aliuliza, kalamu tayari.

"X. Tangu nipo darasa la nane, hiyo ndiyo herufi ya kitu usichokijua bado."

Chaki nyeupe zilikuwa zimekwisha tawini. Zilizobaki kwenye boksi ni nyekundu, zile ambazo walimu huziacha. Akajaza mfuko. Akapita kijijini Kidahwe, akaweka X nyekundu kwenye milango ya nyumba zilizo kandokando ya barabara ya kwenda Kasulu, kubwa, safi, mistari imenyooka kama alivyozoea. Wenye nyumba wengi walikuwa shambani. Kisha wakaendelea mbele hadi kambini, akafanya vilevile, huku watu wanamtazama na yeye anawapungia mkono kwa furaha.

Jumamosi asubuhi darasa, watu ishirini na wawili, maana wale wawili wa simu hawakutokea, likashuka Kidahwe na karatasi zao.

Hakukuwa na X hata moja.

Kulikuwa na milango iliyooshwa hadi inang'aa. Mingine ilikuwa imepakwa udongo mbichi. Kwenye nyumba moja hakukuwa na mlango wenyewe, ni uwazi mtupu, na mbele yake amesimama mzee mmoja ameshika ndoo, tambara bado linadondosha maji.

"Shikamoo mzee," Veneranda alisema.

"Marahaba. Hapa hakuna X."

"Hatujauliza X, mzee."

"Hata mkiuliza, haipo."

Huyo alikuwa Bonifasi, fundi wa matofali. Mwalimu akasogea, akamwambia kwa upole kwamba jana alipita hapa na hii nyumba ilikuwa na mlango, wa mbao, mzuri.

"Mlango?" Bonifasi akageuka akatazama uwazi kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Nyumba hii haijawahi kuwa na mlango. Sisi watu wa kupenda upepo."

Kutoka kwenye mihogo nyuma ya nyumba mbuzi akalia, na ukasikika mlio wa kwato juu ya mbao. Feliksi akaenda kuchungulia. Mlango ulikuwa umelazwa kati ya matuta, umefunikwa majani, na mbuzi amesimama juu yake.

Hapo ndipo Veneranda alipojishika kichwa. "Mwalimu! X nyekundu! Kando ya barabara!"

Mwalimu akaifunika chaki mfukoni kwa kiganja. Kila mtu nchini anajua maana ya X nyekundu kwenye nyumba iliyo kando ya barabara. Maana yake ni kwamba barabara inapanuliwa, anza kung'oa mabati. Mwalimu, kwa miaka yote aliyoishi na x, hilo halikumjia. Watu wa Kidahwe walikuwa wameamka kabla ya jogoo kufuta alama, na kila aliyeulizwa sasa alisema haishi hapo, anapita tu, hata aliyekuwa anatwanga kisamvu uani.

"Twendeni kambini," alisema kwa sauti ndogo. "Tutarudi."

Kambini X zilikuwepo.

Zilikuwepo kwenye kila nyumba. Safu nzima, kulia na kushoto, hakuna mlango uliobaki mtupu. Nyingine zilichorwa kwa mkaa, nyingine kwa vumbi la tofali lililokorogwa na maji. Msichana mmoja aitwaye Lyse alikuwa ametumia rangi ya kucha, X yake ikawa inameta kuliko ya Mwalimu. Kulikuwa na X kwenye choo. Kulikuwa na X kwenye banda la sungura. Mtu mmoja, kwa kuhofia kwamba moja haitoshi, aliweka tatu.

"Mwalimu," Feliksi alisema, na siku hiyo alikuwa macho kabisa, "nafikiri wote wamechaguliwa."

Watu wakawazunguka. Mbele yao akaja mama mmoja mwembamba, amejifunga kitambaa cha bluu, sauti yake ndogo lakini watu walimpisha. Ni Mama Caritas, kiongozi wa wanawake wa safu ile.

"Amahoro, Mwalimu."

"Amahoro, mama."

"Tunaomba kuuliza. Wenye alama wanapelekwa wapi? Wengine wanasema Kanada. Wengine wanasema ni maturubai mapya. Mzee Harerimana pale anasema ni Australia, ameshagawa kuku wake wawili."

Mzee Harerimana akainua mkono kuthibitisha. Kuku mmoja alikuwa anamfuata bado, ameshindwa kuzoea kwa jirani.

Mwalimu akapiga ishara ya msalaba, akaanza kueleza. Alieleza kama anavyoeleza darasani: kundi kubwa, kundi dogo, nafasi sawa, upendeleo. Veneranda akarudia kwa Kiha, kinachokaribiana na Kirundi chao, taratibu. Wakatikisa kichwa kwa adabu, na Mwalimu akakijua kichwa kile. Ni kichwa cha Feliksi.

"Hampati kitu," akasema mwishowe, amekata tamaa. "Hakuna Kanada. Tunauliza maswali mafupi tu tunaondoka."

"Na kwa nini hamtuulizi wote?"

"Kwa sababu... tukiuliza kila wa saba, na hatukuchagua kwa uso wala kwa udugu, tunajua habari za wote."

Mama Caritas akatazama chini akifikiri. Kisha uso ukamfunguka.

"Mana yanje, Mungu wangu! Kumbe ni mzani wa kando!"

"Aaaaa!" watu wote wakaitikia.

"Mzani gani, mama?" Mwalimu akauliza, na mara akajikuta yeye ndiye mwanafunzi.

"Siku ya mgao wa chakula, Mwalimu. Tunapimiwa unga kwa vikombe, tunatoka. Pale mlangoni kuna mzani mwingine, kando. Kila wa kumi anavutwa pembeni, unga wake unapimwa upya. Hawaangalii wewe ni nani. Ukiwa wa kumi, wa kumi. Wakikuta wako umepungua, wanajua vikombe vya wote vimepungua. Wanarudi kugombana na wapimaji, na sote tunapona."

"Na yule wa kumi anapata nini?"

"Apate nini? Anachelewa kupika tu."

Mwalimu akasimama pale na chaki mfukoni. Miaka yote alikuwa akilitafuta neno la kusema, na kumbe lilikuwa linakaa hapa, linapanga foleni kila mwisho wa mwezi. Akageuka kuwatazama wanafunzi wake. Veneranda hakuwa anaandika. Alikuwa ameshusha daftari, mdomo wazi. "Kumbe ndiyo hivyo tu?" akasema, si kwa mtu yeyote.

Lakini furaha haikudumu. Walipoelewa kwamba mwenye alama anachelewa tu, watu walitawanyika mbio. Wakaanza kufuta. Walifuta kwa vitambaa, kwa mate, kwa viganja. Lyse alikuwa analia, rangi ya kucha haitoki. Mzee Harerimana akaenda kudai kuku wake. Kufumba na kufumbua, safu ikawa kama Kidahwe, na kila mtu akawa na shughuli kisimani.

"Heeee!" Mama Caritas akapaza ile sauti yake ndogo, na kumbe ilikuwa na nyingine ndani yake. "Rudini! Kwenye mzani wa kando mnakimbia? Hamkimbii, kwa sababu unga ni wenu. Na hesabu hii ni yenu. Leo wa saba ni wa saba. Kaeni milangoni!"

Wakarudi. Likazuka jambo la kuanzia wapi, maana safu ina ncha mbili, na sasa kila mmoja alithibitisha kwamba kwa vyovyote utakavyoanza, yeye ni wa sita. Mwalimu akaomba punje saba za mahindi, moja akaipaka nyekundu. Mama Caritas akafumba macho, akachomoa moja moja mbele ya wote, Mwalimu akihesabu kwa sauti. Nyekundu ikatoka ya tatu. Wakaanza nyumba ya tatu kutoka njia kuu, na nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Caritas mwenyewe.

Safu nzima ikacheka, naye akacheka hadi akakaa chini. "Nimejivuta mwenyewe kwenye mzani!"

Feliksi ndiye aliyemuuliza. "Mama, kaya yako ina watu wangapi?"

"Kwenye kadi ya mgao au kwenye mkeka?"

Feliksi akamtazama Mwalimu. Karatasi haikuwa na swali hilo.

"Kwenye kadi ni watano," Mama Caritas akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Kwenye mkeka ni wanane. Watatu wa dada yangu walifika juzi, bado hawajaandikwa. Tunakula chungu kimoja."

"Andika mkeka," Mwalimu akasema. "Jina usiandike."

Jioni walipita tena Kidahwe. Mwalimu akamwendea Bonifasi peke yake, akatoa chaki zote nyekundu mfukoni, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayesalimisha silaha. Akamwomba radhi. Bonifasi alizihesabu, akazinusa, akaingia mihogoni akarudi amebeba mlango begani, mbuzi nyuma yake.

"Tuko saba," akasema. "Na huyu mbuzi msimwandike."

Wiki tatu baadaye mtahini akashuka kutoka kwenye treni. Aliitwa Daktari Esther, mwanamke mfupi, miwani myembamba, asiyekunywa hata chai kabla ya kumaliza kazi. Mtihani ukafanyika asubuhi. Akajifungia kusahihisha mchana kutwa. Mwalimu alikaa kwenye ngazi za duka la mabati akipitisha rozari kidoleni, na wanafunzi wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri majibu ya damu.

Saa kumi mlango ukafunguka. Uso wa Daktari Esther haukuwa mzuri.

"Mwalimu Leodgar, hapa pana udanganyifu."

"Udanganyifu, mama?"

"Swali la nne. Eleza sampuli nasibu kwa mfano. Watu kumi na tisa wameandika mfano uleule. Mzani, unga, mtu wa kumi. Vitabu vyote ninavyovijua havina huo mfano. Wamenakiliana, ama wamekaririshwa. Nitafuta karatasi zote."

Veneranda alitoa sauti kama chungu kinachopasuka. Mwalimu akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha takwimu, alijua la kufanya bila kufikiri.

"Mama, hawa wamesimama hapa ukutani. Usiangalie uso. Hesabu, umchukue wa saba, umuulize chochote. Akishindwa, futa zote, nami nitajiuzulu leo."

Daktari Esther akasogea ukutani. Kisha akaanza kuhesabu, kidole hewani. Moja, mbili, tatu. Mwalimu akawa anahesabu naye kwa macho, akaona kidole kinakoelekea, na moyo ukamwanguka. Wa saba alikuwa Feliksi. Amesimama wima, kalamu mkononi, macho nusu wazi, anatikisa kichwa kukubali.

"Kijana!"

Feliksi akashtuka. Alikuwa ametoka zamu ya bandarini moja kwa moja.

"Huyo mtu wa kumi kwenye huo mzani wenu. Kwa nini wasimvute yule mwenye mfuko unaoonekana mdogo? Si ndiye aliyepunjwa?"

Chini, dukani, mtu alikuwa anagonga bati. Feliksi akajikuna shingo.

"Wakimvuta huyo, Daktari, watajua habari za mfuko mdogo tu. Watasema wote wamepunjwa, kumbe labda ni yeye na mfuko wake. Wa kumi havutwi kwa sababu ya shida yake. Anavutwa kwa sababu ni wa kumi. Ndiyo maana maneno yake yanaaminika." Akapiga mwayo, akaufunika kwa adabu. "Na hapati kitu, anachelewa kupika tu. Kama mimi hapa. Tangu jana usiku sijala, na umenivuta."

Daktari Esther akavua miwani. Akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mwalimu akadhani analia, mpaka kicheko kilipotoka.

"Nendeni mkale," akasema. "Na mimi niletewe hiyo chai."

Walifaulu kumi na tisa. Takwimu haikwenda Tabora, na Veneranda hakupanda treni.

Jioni ile Mwalimu alifika nyumbani Kasingirima akamweleza Mama Melania yote, amesimama, hajavua hata viatu. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho huku akigeuza mikebuka, samaki wa ziwani, kikaangoni.

"Tumshukuru Mungu," akasema. "Na wale watano walioshindwa?"

"Wawili ni wale wa simu."

"Wapeleke kambini na wao."

Aliwapeleka, mwaka uliofuata, pamoja na darasa jipya, na safari hii alikwenda na daftari. Njiani walipita Kidahwe. Mwalimu alitafuta nyumba ya Bonifasi akaikuta mara moja, maana mlango ulikuwa mahali pake, na juu yake kuna maandishi ya chaki nyekundu, makubwa, yaliyonyooka:

HAPA TULISHAULIZWA. TUKO SABA. NENDA KWA JIRANI.

Na kwa jirani, pande zote mbili, maandishi yalikuwa hayohayo.